Triga ya Bunduki Yako ya Kwanza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni kwa wanaojenga bunduki yao ya kwanza ya AR-15 wakiishi Marekani, ambako kazi hiyo ni halali katika majimbo mengi. Maswali ni yale ninayoulizwa kila mara kwenye uwanja wa shabaha na kwenye simu za usiku, hasa na Waswahili wenzangu waliokwisha kununua vipuri vyote wakabakiza kimoja. Kamusi husema "kifyatulio". Sisi husema triga, na hapa nitatumia hilo la mazoea.

## Mambo ya msingi

Triga inafanya kazi gani hasa ndani ya bunduki?

Ndani ya AR-15 kuna vipande vinne vya kukumbuka: triga yenyewe, nyundo, diskonekta na springi zao. Nyundo ina jino linalonaswa na ncha ya triga. Ukivuta, ncha ile inateleza, jino linaachiwa, nyundo inaruka na kugonga pini ya kufyatulia, nayo pini inagonga fataki iliyo kitakoni mwa risasi. Risasi ikiisha kutoka, bolti (chuma kinachofunga nyuma ya risasi) inarudi nyuma na kuilaza nyundo. Hapo diskonekta huidaka, kwa sababu kidole chako bado kimevuta. Ukilegeza kidole, diskonekta inaikabidhi nyundo kwa triga, unasikia "tk", na bunduki iko tayari tena.

Ielewe diskonekta vizuri. Ndiyo inayohakikisha kwamba kuvuta mara moja kunatoa risasi moja, na maswali mengi ya hatari hapa chini yanarudi kwake.

Triga mpya itaifanya bunduki yangu ipige kwa usahihi zaidi?

Hapana. Usahihi wa bunduki uko kwenye mtutu, risasi na jinsi bolti inavyofunga. Triga haiugusi mtutu. Inachofanya ni kupunguza uharibifu unaofanywa na kidole chako. Bunduki tupu haifiki kilo nne, na triga ya kiwandani inaweza kudai nguvu ya kilo tatu ili iachie. Nguvu hiyo yote inapitia kidole kimoja, na mtutu unayumba dakika ile ile unapotaka utulie.

Kwa hiyo mwenye mtutu mbovu na triga ya dola 250 ataona matundu yaleyale yaliyotawanyika. Tofauti ni kwamba sasa hatakuwa na wa kumlaumu.

Triga ya kawaida inayokuja na kifurushi ina ubaya gani?

Si mbovu. Ile ya kiwango cha kijeshi huachia kwenye pauni 5.5 hadi 8.5 hivi, yaani kilo 2.5 hadi 3.9, na haichagui risasi wala vumbi. Kero yake ni mkwaruzo: unavuta, inasogea kidogo, inagoma, inasogea tena, na hujui itaachia lini. Nyingine hulainika zenyewe baada ya kuvutwa mara mia kadhaa. Nimekutana na ya bei nafuu kabisa iliyokuwa laini kuliko ya rafiki yangu iliyogharimu mara mbili, kwa sababu tu nyuso za chuma zilikutana vizuri. Ni bahati nasibu.

Ninunue triga nzuri mwanzoni au nisubiri?

Kama bajeti imebana, subiri. Pesa ya kwanza iende kwenye mtutu na bolti, ya pili kwenye risasi za mazoezi. Triga ni kimojawapo cha vipuri rahisi kubadilisha baadaye: ni pini mbili za kuishikilia na dakika ishirini.

Kama umeshaamua kununua, basi agiza kifurushi cha vipuri vya lowa (nusu ya chini ya bunduki, ambamo triga hukaa) *kisicho* na seti ya triga. Viko, na vinapunguza gharama. Wengi hugundua hilo wakishakuwa na triga ya pili iliyolala kwenye droo, mimi nikiwa wa kwanza wao.

## Kuchagua

Hatua moja au hatua mbili?

Triga ya hatua moja haisogei mpaka iachie: unakutana na ukuta mara moja, unabonyeza, inakatika. Ya hatua mbili ina safari ya kwanza laini yenye springi, kisha unafika kwenye ukuta, unatulia, na kwa nguvu ndogo ya nyongeza inaachia.

Wapiga shabaha wa kasi, wanaohama kutoka bamba moja hadi jingine, mara nyingi hupenda hatua moja. Wanaolala chini na kupiga mbali hupenda hatua mbili, kwa kuwa hatua ya kwanza inakuambia kidole kiko wapi kabla ya uamuzi.

Kwa bunduki ya kwanza, mimi nasema hatua mbili. Anayeanza huwa bado hajajua kidole chake. Hatua ya kwanza humpa nafasi ya kughairi, na kuna usalama ndani ya hilo: triga ya hatua mbili ya pauni 4.5 inahisi nyepesi bila kuwa nyepesi kweli, maana uzito umegawanywa. Wapo watakaobishana nami, na baadhi yao hupiga vizuri kuliko mimi.

Uzito gani unafaa?

Kwa bunduki ya kazi zote (uwanjani, kuwinda, nyumbani), kaa kati ya pauni 4 na 5.5, yaani kilo 1.8 hadi 2.5. Pauni 3.5 inafaa kwa anayepiga karatasi tu na mwenye nidhamu ya kidole. Chini ya pauni 3 kwenye AR ya kwanza, sikushauri. Mikono ikiwa na baridi, au moyo ukidunda, kidole hupoteza hisia, na triga nyepesi haitakusubiri ujitambue.

Kama una nia ya kushindana kwa bunduki ya aina ya kijeshi kwenye mashindano ya Civilian Marksmanship Program (programu ya Marekani ya shabaha kwa raia), kanuni inadai triga isiyopungua pauni 4.5, na waamuzi huipima kwa kuning'iniza uzito. Ndiyo maana triga nyingi za hatua mbili zimetengenezwa kuzunguka namba hiyo.

Kaseti au vipande vilivyoachana?

Kaseti ni kisanduku kimoja ambacho nyundo, triga na diskonekta vimeshafungwa ndani kiwandani. Unakitumbukiza, unapitisha pini mbili, unakaza skrubu, umemaliza. Timney, kampuni iliyoanza mwaka 1946, inajulikana kwa hizi, na CMC na Rise Armament nao wanazo. Nyingi ni za hatua moja, pauni 3 hadi 4.5.

Vipande vilivyoachana huingia kimoja kimoja kama ilivyokuwa kwa triga ya asili. Vinakuchosha siku ya kwanza, lakini vinasafishika kwa urahisi, na mchanga hauna kisanduku cha kujificha. Ubaya wa kaseti ni huohuo: uchafu ukiingia hukaa, na skrubu zake zikilegea kisanduku hucheza. Kama utatumia bunduki shambani au kwenye vumbi la Arizona, vipande. Kama itaishi kwenye uwanja wenye paa, kaseti haina neno.

Nitajie majina basi. Usizunguke.

Haya.

Kwa fedha kidogo: ALG Defense QMS au ACT. Ni za hatua moja, umbo na uzito unaokaribia ule wa kijeshi, ila nyuso zimelainishwa, na ACT imepakwa utando juu yake. Mkwaruzo unapungua sana. Huu ndio ununuzi wenye busara kwa asiye na uhakika.

Kwa fedha ya kati: LaRue MBT-2S, hatua mbili, pauni 4.5 (2.5 hatua ya kwanza, 2 ya pili). Kwa miaka mingi imeuzwa kwa bei iliyowaaibisha washindani wake. Ningekuwa najenga ya kwanza leo, ningeweka hii na kusahau habari ya triga.

Kwa fedha zaidi: Geissele SSA, nayo ni pauni 4.5 za hatua mbili, au SSA-E yenye pauni 3.5 kwa anayepiga mbali. SSA imetokana na triga ambayo kampuni hiyo iliitengenezea jeshi. Tofauti kati yake na LaRue ipo, lakini kidole cha anayeanza hakitaiona.

Bapa au iliyopinda?

Mazoea tu, kwa sehemu kubwa. Ila kuna jambo moja la kweli ndani yake: triga ni wenzo. Kadiri kidole kinavyoshika chini zaidi, ndivyo nguvu inayohitajika inavyopungua. Iliyopinda hukilazimisha kidole kikae mahali pamoja. Bapa hukuachia ushuke, na ukishuka unahisi nyepesi. Kwa hiyo ukijaribu bapa dukani ukasema "hii ni laini", angalia kwanza kidole kiko wapi.

Naishi Minnesota, kwenye baridi kali. Glavu je?

Usiende chini ya pauni 4.5, na jaribu ukiwa umevaa glavu zilezile utakazotumia. Kuna kinga-triga zenye tumbo lililopinda kuelekea chini zinazoongeza nafasi ya kidole kinene. Hizo zitakusaidia kuliko triga yoyote.

## Kufunga na kukagua

Naweza kuifunga mwenyewe?

Ndiyo. Unahitaji kitoboleo cha pini, nyundo ndogo, tone la grisi, miwani ya kulinda macho, na maelekezo ya mtengenezaji wa triga yako, ambayo ndiyo yanayotawala pale yanapotofautiana nami. Bunduki iwe tupu, magazini imetolewa, risasi ziwe chumba kingine. Lowa iwe imetenganishwa na sehemu ya juu.

Kosa la kawaida kuliko yote ni kugeuza springi ya nyundo. Miguu yake miwili inapaswa kukaa juu ya pini ya triga, mmoja ukilala kwenye mfereji wa pini hiyo ili isitoke. Ukiigeuza, bunduki inaonekana nzima, lakini nyundo inagonga kinyonge na risasi hazilipuki. Mimi nilifanya hivyo kwenye ya kwanza, nikalaumu risasi kwa wiki mbili, nikabadilisha maboksi matatu.

Nimefunga. Nitajuaje ni salama?

Kwanza kabisa: sehemu ya juu ikiwa imetolewa, usiiachie nyundo iruke huru. Itagonga ukuta wa lowa, na aluminiamu haina ubavu wa kushindana na nyundo ya chuma. Iongoze kwa dole gumba, au rudisha sehemu ya juu kabla ya kukagua.

Bunduki ikiwa tupu na imeelekezwa upande salama, fanya hivi. Vuta mpini wa kukokia na uachie. Weka sefti (swichi ya usalama), vuta triga kwa nguvu: nyundo isianguke. Toa sefti bila kugusa triga: isianguke. Vuta triga: ianguke. Sasa *endelea kushikilia triga ikiwa imevutwa*, koki tena, kisha legeza kidole polepole. Usikie "tk" ya diskonekta ikikabidhi, na nyundo ibaki juu. Vuta tena: ianguke. Rudia mara kumi.

Hatua yoyote ya ukaguzi huu ikigoma, bunduki haiendi uwanjani. Siku ya kwanza ya risasi, weka moja tu kwenye magazini, kisha mbili, kisha tatu. Sababu iko kwenye swali la bunduki inayopiga mara mbili, chini.

Naweza kusugua triga ya asili iwe laini badala ya kununua mpya?

Kuipaka grisi, ndiyo. Kusugua kwa msasa au kwa mashine, hapana. Chuma cha triga za kawaida kimefanywa kigumu juu tu, kwa tabaka jembamba. Ukilitoboa unafika kwenye chuma laini kinacholika haraka, na pembe ya jino inabadilika kidogo kidogo mpaka siku moja haishiki. Video za "dakika kumi na tano, dola sufuri" huwa haziendelei kukuonyesha bunduki hiyo ikiwa na risasi elfu mbili.

Springi nyepesi zinauzwa kwa dola chache. Zinafaa?

Ya triga inaweza kuvumilika. Ya nyundo nakukataza. Fataki za risasi za kijeshi ni ngumu kuliko za kiraia, na nyundo iliyonyimwa nguvu huziacha na kidonda tu bila kulipuka. Uwanjani ni kero. Ukiitegemea bunduki hiyo nyumbani, ni kitu kingine kabisa.

Nimetoa risasi kwenye chemba (tundu inamokaa kabla ya kupigwa) nikaona fataki ina alama ndogo. Triga imeharibika?

Hapana. Pini ya kufyatulia ya AR-15 haina springi. Bolti inapofunga, pini inasogea kwa kasi yake yenyewe na kuigusa fataki. Alama ndogo ni kawaida. Usiirudishe risasi ileile chemba mara nyingi, basi.

## Sheria

Triga inauzwa kama silaha?

Kwa sheria ya shirikisho, hapana. Silaha ni lowa, ile yenye namba. Hiyo unaichukua kwa muuzaji mwenye leseni, unajaza fomu 4473 ya mnunuzi wa silaha, rekodi yako inakaguliwa, na lowa tupu haiuzwi kwa asiyetimiza miaka 21. Triga ya kawaida inaletwa mlangoni kama kitabu. Lakini majimbo kama California, New York, New Jersey, Massachusetts, Illinois na Washington yana vizuizi vyake juu ya AR nzima, kwa hiyo soma sheria ya jimbo *kabla* ya kununua kipuri cha kwanza.

Sina uraia. Naruhusiwa?

Mwenye green card anaruhusiwa kama mwingine yeyote asiye na zuio. Aliye na viza ya muda, kwa mfano ya masomo au matembezi, kwa kawaida haruhusiwi hata kumiliki risasi. Zipo njia finyu za kisheria, kama kuwa na leseni ya kuwinda, lakini usizitafsiri mwenyewe wala usinitegemee mimi. Muone wakili wa uhamiaji. Kosa la silaha linaweza kukurudisha nyumbani.

Vipi zile triga za kupiga haraka, zinazojirudisha zenyewe au zinazopiga ukivuta na ukiachia?

Kwa bunduki ya kwanza, achana nazo. Kisheria ni uwanja unaohama: serikali iliziita zile za kujirudisha bunduki za rashasha, ikashtakiana na Rare Breed, kampuni inayoziuza, kisha Mei 2025 Wizara ya Sheria ikafikia makubaliano na kampuni hiyo. Majimbo kadhaa bado yanazipiga marufuku hata hivyo. Na hata pasipo sheria, zinateketeza risasi bila kukufundisha kitu.

Kubadili bunduki ipige mfululizo ni jambo jingine, na halina mjadala. Sheria ya 1934 na nyongeza ya Mei 1986 zimefunga mlango huo kwa raia anayejenga, na adhabu inafika miaka 10 jela.

Naweza kumpelekea ndugu yangu Arusha au Mombasa triga moja kwenye sanduku?

Usifanye hivyo, hata kama ana leseni. Triga, nyundo na diskonekta zimo kwa majina kwenye orodha ya bidhaa zinazodhibitiwa na Wizara ya Biashara ya Marekani zinapotoka nje ya nchi, tangu Machi 2020. Upande wa pili, Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 na Kenya ina Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Afisa wa forodha hatakuelewa ukimwambia "ni kachuma tu". Mpelekee viatu.

## Hali zisizo za kawaida

Bunduki yangu imetoa risasi mbili kwa kuvuta mara moja. Nifanye nini?

Acha sasa hivi. Toa magazini, toa risasi chemba, funga bunduki kwenye begi. Usijaribu "kuona kama itarudia".

Chanzo mara nyingi ni kimojawapo cha hivi: diskonekta haidaki nyundo, jino limelika au limesuguliwa, skrubu za kaseti zimelegea, au pini imetembea. Pengine ni kidole tu: ukishika triga nyepesi kwa woga, bunduki inaporudi begani inakifanya kidole kivute tena bila wewe kujua. Kwa yote hayo dawa ni moja, fundi bunduki mwenye leseni. Bunduki inayopiga zaidi ya mara moja inaweza kukuua, na mbele ya sheria inaweza kuhesabiwa kuwa rashasha hata kama ni ubovu tu, ukiendelea kuitumia ukijua.

Najenga ya milimita 9. Triga ileile itafaa?

Siyo lazima. Nyingi za milimita 9 hazina kufuli la bolti. Bolti nzito inasukumwa nyuma tu na kuigonga nyundo kwa ukali kuliko kwenye AR ya kawaida. Pini zinazoshikilia nyundo na triga huvunjika, na baadhi ya watengenezaji wa kaseti hufuta dhamana. Tafuta iliyoandikwa wazi kwamba ni ya kazi hiyo.

Pini haziingii, au zinacheza.

Pini za kawaida ni inchi 0.154. Baadhi ya lowa za zamani za Colt zina matundu ya 0.170. Pima kabla ya kulaumu triga.

Na kama najenga bunduki ya kuwindia, ya bolti inayokokiwa kwa mkono?

Ulimwengu ni tofauti. Hapo umbo la kufuata ni la Remington 700, ambalo watengenezaji wengi hulifuata. Timney wapo, na TriggerTech wa Kanada hutumia kigurudumu kidogo kati ya nyuso mbili badala ya chuma kusugua chuma. Kwa mwindaji, pauni 2.5 hadi 3 zinatosha, kwa kuwa unakoki kwa mkono kila risasi.

Ukinunua Remington 700 iliyotumika, angalia tarehe. Mwaka 2014 kampuni iliita irudishwe triga ya X-Mark Pro ya bunduki zilizotengenezwa tangu Mei 2006 hadi Aprili 2014, kwa sababu gundi iliyozidi ndani yake ingeweza kuifanya bunduki ipige pasipo kuvutwa. Muulize muuzaji kama ilirekebishwa. Akisita, ondoka, au hesabu bei ya triga mpya ndani ya bei yake.